Amri ya Matunzo ya Mtoto Haibadiliki Yenyewe

Kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wateja waliokwisha kutalikiana ni hii: “Nilipoachishwa kazi, matunzo nayo yalisimama.” Hayakusimama. Amri ya matunzo huendelea kuwa na nguvu kama ilivyoandikwa mpaka ibadilishwe na mahakama, au na chombo kingine kilichopewa mamlaka hayo kisheria, na kila mwezi unaopita bila malipo kamili huongeza deni. Mahakama haifuatilii mishahara ya watu, husubiri maombi.

Kinachowaumiza wengi ni tarehe. Katika nchi nyingi punguzo la matunzo huhesabiwa tangu siku maombi yalipowasilishwa au mwenzako alipopewa taarifa yake, wala si tangu siku kipato kilipokatika. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inakataza mahakama kufuta malimbikizo, yaani malipo ambayo tarehe yake ya kulipwa imekwisha kupita, na punguzo haliwezi kurudishwa nyuma kupita siku ile ya taarifa. Hata pale ambapo hakimu ana hiari ya kusamehe sehemu ya deni, swali lake la kwanza huwa ni kwa nini mwombaji alichelewa. Basi mzazi aliyepoteza kazi Januari akaja kuomba Septemba anaweza kushinda maombi yake kwa haki kabisa, na bado akatoka mahakamani akidaiwa miezi 8 kwa kiwango cha zamani.

Ndugu pacha wa dhana hiyo kwamba matunzo husimama yenyewe ni makubaliano ya pembeni. Mteja hunionyesha simu yake, na ndani yake mtalaka wake ameandika, “Lipa nusu tu kwa sasa, Mungu atakufungulia.” Ujumbe huo ni ushahidi wa nia njema, lakini haubadilishi amri, uhusiano ukichacha, mtalaka huyohuyo anaweza kudai ile nusu nyingine. Kama mmeelewana, jambo ambalo ninalifurahia sana, andikeni makubaliano hayo, mtie saini nyote wawili na kuyapeleka mahakamani yasajiliwe kuwa amri. Kwa kawaida shauri lisilo na ubishi humalizika upesi.

Ushauri wangu haujabadilika kwa miaka yote niliyofanya kazi hii: wasilisha maombi wiki ileile kipato kinapobadilika, ukiambatisha barua ya kuachishwa kazi au vyeti vya daktari pamoja na taarifa za benki, na wakati unasubiri, lipa unachoweza kwa njia inayoacha kumbukumbu. Pesa taslimu iliyotolewa mlangoni bila risiti ni vigumu mno kuithibitisha baadaye.

Wapo wanaoacha kulipa kwa sababu wamezuiwa kumwona mtoto. Haki ya kumwona mtoto na wajibu wa kumtunza ni mambo mawili, na mahakama huyashughulikia kila moja kwa amri yake. Ukizuiwa, omba amri ya kumwona itekelezwe, usimkatie mtoto chakula na ada. Kuoa au kuolewa upya na kupata watoto wengine nako hakufuti amri ya awali, ingawa sheria za nchi kadhaa huruhusu mzigo huo mpya uzingatiwe. Anayeacha kazi kwa makusudi ili aonekane hana kitu ajue kwamba hakimu anaweza kumkadiria kipato kwa kutazama elimu, ujuzi na ajira zake za nyuma.

Si kila badiliko linatosha, pia. Mahakama hutaka badiliko kubwa na la kudumu kiasi, si mwezi mmoja wa biashara mbaya. Nchini Uingereza, kwa mfano, taasisi ya serikali inayokokotoa malipo haya kwa kawaida hairekebishi hesabu katikati ya mwaka ikiwa kipato hakijapanda au kushuka kwa angalau asilimia 25.

Mwisho, kina mama wengi, na kina baba wanaolea peke yao, hudhani kwamba kiwango kilichopangwa siku ya talaka ndicho hichohicho hadi mtoto awe mtu mzima. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unawawajibisha wazazi kwa kadiri ya uwezo wao, na uwezo hupanda pia. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati wa talaka sasa yuko sekondari, pengine anahitaji miwani au dawa za kila siku. Kusanya risiti za ada na za hospitali, kisha omba nyongeza.