Jack Binns na betri zake

Wakitajwa waendeshaji redio wa zamani, watu hukimbilia wale wawili wa Titanic. Mimi niliyekula mshahara wa redio za meli humtanguliza Jack Binns wa meli ya Republic.

Binns, Mwingereza aliyezaliwa 1884, alianzia telegrafu za reli ndipo akaajiriwa na Marconi, kampuni ya redio. Alfajiri ya Januari 23, 1909, karibu na Nantucket, Marekani, meli ya Florida iliigonga Republic ubavuni ndani ya ukungu mzito. Kuta za chumba chake zilibomoka. Maji yakajaa chumba cha injini, dainamo zikazimika, na mtambo wa cheche, yaani redio ya wakati ule iliyorusha mawimbi kwa cheche za umeme, usipopata umeme ni chuma tu. Akahamia kwenye betri za akiba. Wenzo wa kugongea herufi za Morse nao ulikuwa umevunjika, basi akaushikilia kwa mkono mmoja, akagonga kwa mwingine.

Alituma CQD, mwito wa hatari wa kampuni ya Marconi. SOS ilikwisha kukubaliwa na mataifa huko Berlin 1906, ila watu wa Marconi walikuwa bado na mazoea yao. Betri hazikuwa na nguvu ya kufika mbali. Kituo cha Siasconset, pwani, ndicho kilichomsikia kisha kikazitangazia meli nyingine kwa mtambo wake mkubwa.

Lakini kuitwa si kufika. Wakati ule meli haikuwa na kifaa cha kuonyesha mawimbi yanatoka upande gani, na Baltic, meli iliyokuja kuwaokoa, ilizunguka kwenye ukungu kwa muda wa saa 12 hivi, ikipiga honi na kufyatua baruti. Mabaharia wa Republic waliposikia milio hiyo, Binns alituma habari zake, ili Baltic ijue igeuke wapi. Kila herufi ilikula betri, na chumba chake kilikuwa wazi kwa baridi ya Januari. Kwangu mimi, ustadi wake uko hapo, kuliko katika ule mwito wa kwanza.

Abiria walihamishiwa Florida kwanza, kisha watu wa meli zote mbili wakaingia Baltic: zaidi ya 1,500. Waliokufa ni sita, kwa sababu ya mgongano. Republic ilizama kesho yake ikikokotwa.

Mwaka 1910 Marekani ikapitisha sheria ya kuzilazimu meli zenye watu 50 au zaidi kuwa na redio. Binns mwenyewe alichukia sifa. Kampuni ya Vitagraph ilipotengeneza filamu kwa jina lake bila idhini, aliishtaki akashinda, na mahakama ya rufaa ya New York ikaithibitisha hukumu 1913. Baadaye alikuwa mwandishi wa habari, kisha akaingia Hazeltine, kampuni ya hataza za redio, akapanda hadi urais wake. Alifariki 1959.