Kuua seli za kansa maabara sio kutibu kansa

Naona imeanza tena kusambaa, mzizi sijui gani "umethibitishwa maabara kutibu kansa". Jamani, kilichothibitishwa ni kidogo kuliko hapo.

Wanachofanya ni hivi: majani au mizizi inakaushwa, inasagwa, inalowekwa kwenye maji au spiriti ili kemikali zitoke, afu hizo kemikali zinawekwa kwenye seli za kansa zinazokuzwa kwenye visahani vya plastiki na wanaangalia ngapi zimekufa au zimeacha kuongezeka. Kiasi kinachopunguza ukuaji kwa nusu ndo IC50, namba ikiwa ndogo maana yake kitu ni kikali. Basi, ndo huo "uwezo dhidi ya kansa" mnaousoma.

Sasa kikali kwa nani? Hapo ndo watu wanaruka. Kwenye kisahani hakuna ini la kuivunja dawa, hakuna figo, hakuna mtu wa kutapika. Hata Jik inaua seli za kansa vizuri tu, ila inaua na zako nzima. Ndo maana watafiti makini wanapima na seli zisizo za kansa pembeni, mara nyingi zile za Vero zilizotokana na figo ya tumbili, na ripoti isiyo na hicho kipimo mimi naisoma nusunusu.

Chukua maytansine, kemikali iliyotolewa kwenye mti. Timu ya mkemia Kupchan huko Marekani iliitangaza 1972, imetoka kwenye mti wa Maytenus wa Ethiopia, baadaye ikahitajika nyingi wakaja kuvuna ndugu yake, Maytenus buchananii, kwa matani huko Shimba Hills, Kwale, Kenya. Maabara ilikuwa moto, kiasi kidogo mno kinaua seli. Walipopewa wagonjwa ikawa kutapika, kuhara, kuishiwa nguvu, na uvimbe wenyewe ukipungua kwa wachache sana, ikawekwa kando. Ilikuja kupata kibali Marekani 2013 ikiwa imebadilishwa na kufungwa kwenye kingamwili (protini inayonasa kitu maalum) inaitwa trastuzumab, ambayo inaibeba mpaka ndani ya seli za kansa ya matiti zenye protini ya HER2 nyingi juu yake. Miaka 41, na kinachoingia kwenye mshipa wa mgonjwa sio mchemsho wa mzizi.

Kwahiyo ukikuta utafiti wa mwarobaini au mlonge, andika tu "imezuia seli kukua maabara", inatosha na wala haimdharau bibi aliyekuonyesha huo mti. Mtu akiuliza kama inatibu, mwambie kwa binadamu bado haijathibitishwa.