Ridhaa Huulizwa, Haikisiwi

Vijana wengi wanajua kwamba ridhaa katika ngono ni kukubali kwa hiari. Ugumu huanza wakiwa wawili faraghani. Maneno hupungua, kila mmoja akabaki kusoma ishara: tabasamu, busu, kukubali kuja chumbani. Ishara hizo haziruhusu zaidi ya zenyewe. Aliyekubali busu amekubali busu.

Kukataa nako kuna lugha yake. Mwaka 1999 watafiti Celia Kitzinger na Hannah Frith walieleza kwamba katika mazungumzo ya kawaida ni nadra mtu kukataa kwa "hapana" tupu. Husita, hutoa udhuru, hulainisha: "Nimechoka", "labda siku nyingine". Ukimwalika mtu shereheni akakujibu hivyo, unajua haji. Basi anayesikia maneno hayohayo kitandani akadai hakuelewa, hana utetezi. Ndiyo maana kuwafundisha wasichana kusema "hapana" kwa sauti hakutoshi. Anayetaka ndiye mwenye wajibu wa kuuliza.

Uliza kabla ya kila hatua, kwa swali linalomwachia mwenzako mlango wa kutokea: "Tuendelee, au tuishie hapa?" Kisha nyamaza usikilize. Akisema hataki, usirudie swali kwa kununa, kumkumbusha zawadi au kutishia kumwacha; "haya basi" inayotoka baada ya kubembelezwa sana ni kuchoka, si ridhaa. Angalia na mwili. Hofu humfanya mtu agande, asiweze kusema wala kujitoa, kwa hiyo kimya, mwili uliokakamaa na macho yanayokwepa vinatosha kukusimamisha. Anayebadili mawazo katikati ana haki hiyo, hata kama ni mpenzi wa miaka mingi.

Aliyelewa chakari au aliyelala hawezi kuridhia, na aliye chini ya umri uliowekwa na sheria ridhaa yake haihesabiki. Mliyekubaliana kondomu akiivua kwa siri, makubaliano yamevunjika.

Aliyeingiliwa bila ridhaa awahi kituo cha afya. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, nazo hutumiwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Akiweza, asioge kwanza wala asifue nguo alizovaa, ili ushahidi usipotee. Kama ameshaoga, aende vilevile.