Ajenti na broka wa nyumba kule Marekani, nani yuko juu ya nani

Nairobi mtu akisema "huyo ni broka tu" unajua hamsifii, anamaanisha mtu wa katikati asiye na ofisi, anayekupeleka kuona ploti halafu anadai chake hata kama dili imekufa. Sasa ndugu yako aliyehamia California akikwambia ajenti wake yuko chini ya broka usishtuke, kule broka ndo mkubwa.

Ajenti ndo yule unayemuona kila siku, anakutembeza kwenye nyumba, anakuandikia ofa, anapokea simu zako usiku. Leseni anayo, amesoma kozi 3 za masaa 45 kila moja na kupasi mtihani wa jimbo, lakini leseni hiyo haimruhusu kufanya biashara peke yake, lazima awe amesajiliwa chini ya broka. Na hapa ndo watu wengi hawaelewi: komisheni inalipwa kwa broka kwanza, halafu broka ndo anamkatia ajenti fungu lake kama walivyokubaliana. Hata mkataba wa kuuzia nyumba yako ni wa broka, ajenti akihamia kampuni nyingine hawezi kuondoka nao hivi hivi. Kwa hiyo ajenti akikuharibia kazi usibaki kugombana naye tu, mpigie broka wake, kumsimamia ni wajibu wake kisheria.

Kuwa broka ni safari ndefu, kwa kawaida kozi 8, uzoefu wa miaka 2 ya kazi ndani ya miaka 5 iliyopita, na mtihani mwingine. Akishapata anaweza kufungua ofisi yake na kuajiri maajenti, japo wapo wenye leseni ya broka ambao wameamua kubaki chini ya broka mwingine.

Ila majina yanabadilika ukivuka jimbo. Illinois na Washington hata anayeanza anaitwa broka, na msimamizi wake ndo managing broker. Realtor nayo sio leseni, ni mwanachama wa NAR, chama cha kitaifa cha maajenti na mabroka wa nyumba.

Kenya hatuna hizo ngazi mbili, sheria inamtambua estate agent aliyesajiliwa na EARB, bodi ya kusajili maajenti wa nyumba, basi.

Kwa aliye California, ingia tovuti ya Department of Real Estate uandike jina la ajenti kabla hujasaini chochote, ni bure, itakuonyesha leseni yake kama iko hai na broka anayemsimamia.