Msilitupe Bonge la Damu

Bonge la damu linalosababisha kiharusi huwa dogo, la urefu wa milimita kadhaa tu. Kwa miaka mingi sisi wanapatholojia, madaktari tunaochunguza tishu kwa hadubini, hatukuyaona mabonge haya ila kwa marehemu, kwani kwa walio hai tegemeo lilikuwa dawa ya kuyeyusha, na likiyeyuka limeondoka na siri yake. Mwaka 2015 majaribio kadhaa yalithibitisha kwamba kulinasa bonge kwa wavu wa waya, unaopitishwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba, kutoka kwenye paja, hupunguza ulemavu. Tangu hapo yanatufikia.

Huwa nalikata vipande vyembamba sana, kisha navipaka rangi iitwayo Martius Scarlet Blue. Fibrini, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia bonge, hugeuka nyekundu, seli nyekundu za damu hugeuka njano. (Naam, seli nyekundu ndizo za njano. Wanafunzi hulalamika kila mwaka.) Bonge lililojaa seli nyekundu ni laini, lenye fibrini na chembe sahani (vijichembe vinavyosaidia damu kuganda) nyingi ni gumu, na huwatoa jasho wanaolivuta.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: limetoka moyoni au kwenye ateri ya shingo? Jibu linabadili tiba. La moyoni huhitaji dawa za kuzuia damu kuganda. La shingoni huhitaji aspirini au dawa za jamii yake, na pengine upasuaji wa ateri. Hapo ndipo ninapowakatisha tamaa. Tafiti zinapingana, na sababu naiona kwenye hadubini: bonge halitulii. Likishakwama ubongoni huendelea kukua, fibrini hulikaza, chembe nyeupe hujipenyeza. Ninachokipima ni hali yake lilipotolewa, wala si lilipozaliwa.

Hata hivyo kuna siku bonge husema waziwazi. Nikikuta makundi ya bakteria ndani yake, nashuku maambukizi ya vali za moyo, na mgonjwa anahitaji antibiotiki upesi. Nikikuta seli za miksoma, uvimbe unaoota ndani ya moyo, daktari wa upasuaji ajulishwe. Bonge lenye chembe sahani na fibrini nyingi, seli nyekundu haba, kwa mtu ambaye chanzo cha kiharusi chake hakijajulikana, hunifanya nishauri atafutwe saratani iliyojificha. Hilo si ushahidi kamili, ila ni dokezo nisiloweza kulinyamazia.

Kinachonivutia zaidi ni nutrofili. Chembe hizi nyeupe hutema DNA yake nje kama nyavu, na bonge hushikamana nazo. Dawa ya kuyeyusha hulenga fibrini, haigusi DNA. Huenda ndiyo sababu mabonge mengine hukaidi dawa.

Ombi kwa wenzangu wa chumba cha katheta: bonge liwekwe kwenye fomalini, kimiminika cha kuhifadhia tishu, lisitupwe pamoja na pamba. Lakini mgonjwa akiwa na homa, kateni kwanza kipande kidogo kikaoteshwe maabara. Fomalini ikishaingia, hakuna bakteria atakayeota.