Kikombe cha ekseli kilichokamata kwenye baiskeli ya zamani: maana yake na vifaa vya kukitoa

Chini kabisa ya fremu ya baiskeli, pale bomba la kiti linapokutana na bomba la mbele na yale mawili membamba yaendayo gurudumu la nyuma, kuna bomba fupi nene lililolala kutoka kulia kwenda kushoto. Ndani yake inapita ekseli inayobeba mikono ya pedali. Ekseli haigusi bomba. Inazunguka juu ya gololi, na gololi zimekaa ndani ya vikombe viwili vya chuma kigumu, kimoja kila upande, vilivyofungwa kwa thredi. Bomba, vikombe, gololi na ekseli kwa pamoja ndivyo vinaitwa botomu braketi.

Vikombe hivyo viwili havifanani kazi. Cha kushoto ndicho cha kurekebishia: fundi anakikaza au kukilegeza kidogo hadi ekseli izunguke bila kucheza, kisha anakifunga mahali pake kwa ringi yenye mapengo pembeni. Cha kulia, upande wa mnyororo, hukazwa mara moja kiwandani na kuachwa hapo. Tunaposema kikombe kimekamata, mara nyingi tunasema hicho cha kulia. Baiskeli inaweza kufunguliwa upande wa kushoto mara kumi katika maisha yake, gololi zikabadilishwa na grisi ikawekwa upya, na kikombe cha kulia kisiguswe hata mara moja tangu kilipotoka kiwandani.

Ndiyo maana tatizo hili ni la baiskeli za zamani hasa: Raleigh zilizotoka Nottingham, Uingereza, Hero za Ludhiana, India, Phoenix za Shanghai, na zile nyeusi nzito ambazo Kenya zinajulikana kama Black Mamba. Maji ya mvua huingia kwenye bomba la kiti, yakashuka, na hayana pa kwenda isipokuwa kwenye bomba la ekseli. Grisi ya zamani imeshakauka. Chuma kinapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inajaza kila mwanya kati ya thredi za kikombe na thredi za fremu na kuvibana pamoja.

Kabla ya kushika kifaa chochote kuna swali ambalo mafundi wengi hulipita: je, kikombe hicho kina haja ya kutoka? Ukishatoa kikombe cha kushoto na ekseli, unaweza kumulika tochi ndani na kuona njia ya gololi ya kikombe cha kulia. Kama iko laini, inang'aa, haina vishimo, kisafishe hapohapo kwa kitambaa na mafuta ya taa, weka grisi mpya na gololi mpya (mara nyingi ni 11 za robo inchi kila upande, zikipangwa bila kishikizo chake), kisha funga. Kikombe kizuri kilichokamata hakimdhuru mtu. Wengi wameharibu fremu nzima kwa kulazimisha kutoa kitu ambacho kingedumu miaka mingine ishirini. Kinachostahili kutolewa ni kile chenye vishimo, kilichopasuka, au kinachocheza kwenye thredi.

Ukishaamua kwamba lazima kitoke, jambo linalofuata ni upande wa kuzungusha, na hapa ndipo nguvu nyingi hupotea bure. Kwenye baiskeli za mtindo wa Uingereza, na za India na China zilizoiga mtindo huo, kikombe cha kulia kina thredi ya kinyume. Ukisimama upande wa mnyororo na kukitazama, kinafunguka kwa kufuata mishale ya saa. Anayekizungusha kama boliti ya kawaida anakikaza, na kadiri anavyoongeza bomba refu kwenye mkono wa spana ndivyo anavyozidi kukikaza. Waingereza walikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Mwendo wa gololi chini ya uzito wa mpanda baiskeli huwa unasukuma kikombe kidogo kidogo kuzunguka kinyume cha mwendo wa pedali. Thredi ya kinyume inaufanya msukumo huo ukaze kikombe badala ya kukilegeza. Kwenye baiskeli za Italia, ambazo kulia na kushoto zote ni thredi ya kawaida, kikombe cha kulia kina sifa mbaya ya kulegea chenyewe njiani.

Vipimo navyo vinatofautiana. Thredi ya Uingereza ina kipenyo cha inchi 1.370, yaani karibu milimita 34.8, na meno 24 kwa kila inchi. Raleigh kwa miaka mingi walitumia kipenyo hichohicho lakini meno 26 kwa inchi, na bomba pana zaidi: mara nyingi milimita 71, wakati kawaida ya Uingereza ni 68. Italia ni milimita 36 kwa meno 24 na bomba la milimita 70. Ufaransa ni milimita 35 na hatua ya milimita 1 kwa kila jino, thredi ya kawaida pande zote mbili. Uswisi walichukua kipimo cha Ufaransa wakakigeuza upande wa kulia kiwe cha kinyume, na mtindo huo unaonekana kwenye baadhi ya baiskeli za Kifaransa za Motobécane za miaka ya 1970. Kwa baiskeli za barabara zetu, karibu zote ni za Uingereza au za kuiga Uingereza, kwa hiyo anza na dhana ya thredi ya kinyume mpaka uone alama inayokuambia vingine.

Kazi yenyewe inaanza mbali na kikombe, kwenye kotapini, ile pini yenye bapa moja inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli. Hapo nyundo ndiyo huua baiskeli. Mtu anapiga pini hewani, mkono wa pedali haujaegemezwa popote, na kila pigo linapita kwenye ekseli, linafika kwenye gololi, na gololi zinachimba vishimo kwenye vikombe. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye tundu la kupitisha kichwa cha pini, kisimamishe sakafuni, mkono wa pedali ulale juu yake. Pigo litaishia ardhini. Legeza nati ya pini mizunguko michache lakini usiitoe, ilinde thredi. Kilicho bora kuliko nyundo ni kishinikizo cha kotapini, fremu ndogo ya chuma yenye skrubu inayosukuma pini polepole bila pigo lolote. Fundi wa kuchomea anaweza kuitengeneza kutokana na klampu nzito. Pini za Kiingereza kwa kawaida ni za milimita 9.5, na nyingi za mitindo mingine ni 9, kwa hiyo nunua mpya baada ya kupima ile ya zamani.

Upande wa kushoto unafunguka kwa kawaida. Ringi inatolewa kwa spana ya ndoano, ile iliyopinda kama mundu na yenye jino moja linalokaa kwenye pengo. Kama huna, mafundi hutumia tindo na nyundo ndogo, wakigonga ukingo wa pengo kwa kinyume cha mishale ya saa. Inafanya kazi, ila kila mara inaacha jeraha, na ringi iliyopigwa tindo mara tatu haishikiki tena. Kikombe chenyewe cha kushoto kina matundu mawili au mapengo mawili, na kinataka spana ya pini.

Sasa kikombe cha kulia. Kwenye vingi vyake kuna bapa mbili zilizo umbali wa milimita 36, na ubaya wake ni kwamba ni nyembamba sana, milimita chache tu. Spana malaya inakaa juu yake kwa sekunde moja, inateleza, inakula pembe, na ukirudia mara tatu bapa zimekufa. Kwa hiyo kifaa cha kutoa kikombe kilichokamata hupimwa kwa swali moja tu: kinakishikaje kikombe kisiteleze? Nguvu ya mkono inakuja baadaye.

Karakana za Ulaya zilikuwa na jibu lao. Kampuni ya VAR ya Ufaransa ilitengeneza kifaa kizito ambacho skrubu yake inapita katikati ya bomba la ekseli na kukibana kichwa cha spana juu ya bapa za kikombe, hata kisiweze kuruka. Ni kifaa cha bei kubwa na leo hutafutwa na wakusanyaji. Fundi wa kawaida ana njia tatu ambazo hazihitaji kukimiliki.

Ya kwanza ni boliti. Aliyeieneza zaidi duniani ni fundi Mmarekani Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, na kwa maoni yangu hakuna kifaa cha baiskeli chenye akili zaidi kwa bei ndogo kiasi hiki. Unachukua boliti nene ya milimita 16 hivi, nati yake, washa bapa mbili au tatu na washa moja ya springi. Boliti inapita kwenye tundu la kikombe kutoka nje, washa ikiwa chini ya kichwa; ndani unaweka washa nyingine na nati. Unashika nati kwa spana ya boksi kutoka upande wa kushoto na kukaza hadi kikombe kibanwe katikati kama nyama kwenye mkate. Kisha unaiacha nati, unazungusha kichwa cha boliti peke yake, kufuata mishale ya saa. Tazama kinachotokea. Kama boliti inateleza juu ya kikombe, inajikaza zaidi kwenye nati, na mbano unaongezeka. Inafika mahali haiwezi tena kuteleza, na hapo nguvu yote inakwenda kwenye kikombe, ambacho kwa kuwa kina thredi ya kinyume kinafunguka kwa mwelekeo uleule. Kadiri unavyovuta ndivyo kinavyoshika. Bapa hazihitajiki kabisa, hivyo hata kikombe kilichokwisha kuliwa na spana kinatoka. Kwa baiskeli ya Italia au Ufaransa hila hii inapoteza nusu ya uzuri wake, kwa sababu kuzungusha kinyume cha saa kunalegeza boliti. Huko lazima ufunge nati mbili zinazobanana na ukaze kwa nguvu sana kabla ya kuanza.

Ya pili ni jiliwa. Vua magurudumu, laza fremu upande wa mnyororo ukiwa chini, bana bapa za kikombe kwenye jiliwa kubwa lililofungwa imara mezani, kisha shika fremu yenyewe kwa mikono miwili na uizungushe. Fremu inakuwa mkono wa spana, na hakuna spana yenye urefu huo. Ukiwa umesimama juu yake, fremu ya thredi ya Uingereza inazunguka kufuata mishale ya saa. Jiliwa dogo la kufungia kwa klampu halifai hapa; litapinduka pamoja na meza.

Ya tatu ni ya mtaani kwetu zaidi: kuchomea. Fundi wa welding anachomelea nati kubwa au kipande cha nondo nene usoni mwa kikombe, na kikombe kinageuka kuwa boliti yenye kichwa. Faida yake haiko kwenye kichwa tu. Joto la kuchomea linakivimbisha kikombe, kinapopoa kinarudi, na mwendo huo unavunja kutu iliyobana thredi. Kikombe hakitatumika tena, kwa hiyo njia hii ni ya kile ulichokwisha kukikatia tamaa. Mchomeaji awe mwangalifu asiguse ukingo wa bomba la fremu.

Njia zote hizi zinafaulu zaidi kama mafuta yametangulia. Ng'oa nguzo ya kiti, mimina mafuta ya kupenyeza kupitia bomba la kiti yashuke, kisha laza baiskeli upande wa kulia yafike kwenye kikombe, na uyaache siku kadhaa, ukiongeza kila jioni. Mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, unapenya vizuri. Dizeli inasaidia lakini ni ya polepole. Joto la gesi kwenye bomba la nje linasaidia pia, kwa sababu bomba linapanuka kabla ya kikombe, lakini litachoma rangi. Na asetoni na moto havikai chumba kimoja. Ukitaka kutumia moto, kausha kwanza kila tone na uache hewa ipite.

Kikombe kikigoma kabisa, kuna msumeno. Wembe wa msumeno wa chuma unaingizwa kwenye tundu la kikombe na kukata kutoka ndani kwenda nje, taratibu, hadi karibu na thredi bila kuzigusa. Kisha tindo kwenye mkato huo inakikunja kikombe kuelekea ndani, na kinalegea. Vikombe vina chuma kigumu kilichochomwa, kwa hiyo tarajia kumaliza zaidi ya wembe mmoja.

Thredi za fremu zikishaonekana, zisugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, paka grisi, na uanze kikombe kipya kwa vidole tu. Kikiingia mizunguko minne au mitano bila spana, endelea. Kikishika baada ya mzunguko mmoja au miwili, simama hapohapo na uhesabu meno: huenda una fremu ya Raleigh ya meno 26 na kikombe cha dukani cha meno 24, na spana itakiingiza kwa kukata thredi za fremu. Kikombe cha kulia cha zamani usikitupe kabla ya kujua hilo, kwa maana ndicho utakachokipeleka dukani kulinganishia.