Sokwe jike anavyochagua dume wa kuandamana naye

Kwa sokwe mtu jike, kuchagua mwenza si jambo la siku moja wala la dume mmoja. Jumuiya ya sokwe huweza kuwa na makumi ya wanyama, lakini ni nadra kuwakuta wote pamoja. Hugawanyika katika vikundi vidogo vinavyokutana na kuachana mchana kutwa, hivyo jike hana budi kuamua kila mara aandamane na nani na ajitenge na nani. Mwenye mtoto mchanga mara nyingi huona heri atafute matunda peke yake na wanawe, kwa kuwa penye madume wengi chakula hugombaniwa na vurugu haziishi.

Mambo hubadilika anapoingia kwenye joto, yaani siku anapokuwa tayari kupandwa, ngozi ya matakoni ikavimba na kuwa ya rangi ya waridi. Huko Gombe, mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960, jike wa makamo aliyeitwa Flo aliandamwa na msururu wa madume mwaka 1963, na mwaka uliofuata akamzaa Flint. Wanasayansi wengi wanaona kwamba kupandwa na madume wengi humlinda mtoto, kwani dume anayedhani huenda mtoto ni wake hatakuwa mwepesi wa kumuua.

Njia nyingine ni ile ambayo sisi tungeiita kutoroshana. Dume humkazia jike macho, manyoya yamemsimama, akatikisa tawi, akapiga hatua chache, kisha akageuka kuangalia kama anafuatwa. Jike akifuata, wawili hao huelekea pembezoni mwa eneo lao, wakakaa huko siku kadhaa, pengine wiki, kimya kimya wasisikiwe na wenzao. Hapo ndipo neno “kuchagua” linapohitaji tahadhari, kwa sababu jike anayesita huweza kupigwa, na katika msitu wa Kibale, Uganda, imebainika kwamba madume huwapanda zaidi majike wanaowashambulia zaidi. Hata hivyo naye ana silaha yake: akipiga ukelele madume wengine wakiwa karibu, safari imekwisha.

Nje ya siku za joto, ukaribu huo hauishi moja kwa moja. Gombe imeonekana kwamba dume huandamana zaidi na mama wa mtoto wake kuliko ilivyotarajiwa, hasa mtoto angali mchanga.